Vinyunyizio vya kwa Bi Shukri

Kwa Bi Shukri,
Kizingo,
Mombasa.
3 Machi 1996

Mpendwa Mjomba Chonga,

Salamu tele zikufikie huko Kisumu, wewe na mkaza mjomba Emmah. Hujambo? Kile kiuno ulichoumia kwenye karakana ya reli kimepoa, au bado wavishwa viatu? Sisi tu wazima, ila hatujaoga vya kutosha. Nasikia nyinyi ziwa liko nyuma ya nyumba. Mwafaidi.

Mjomba, uliposema aliyeachia shule darasa la sita hashiki kazi hata mwezi, ulikosea. Huu mwaka wa pili ndimi fundi wa bustani ya Bi Shukri, yule mjane wa Kizingo. Mwanawe Muhdhar, aliyeko Jeda, alizika mabomba chini ya majani, na vinyunyizio vimechomoza juu. Ukifungua koki moja tu, uwanja mzima wanywa. Maji ni ya kisimani, yana chumvi, basi matundu huziba. Mimi huvifungua vichwa vyake, huviroweka kwenye siki, kisha huvichokoa kwa sindano ya cherehani. Kizingo nzima hakuna anifikiaye, na hapo sijajisifu bado.

Shida ilianza mifereji ya mji ilipokauka. Kisima chetu kimefunikwa kwa zege, maji hutokea kwenye vinyunyizio tu. Wanawake wakaja wakatega ndoo juu yake. Wakiona yachelewa, wang'oa kichwa chenyewe. Nikirudisha kimoja, viwili vishatoka. Majani yamekauka mpaka yakikanyagwa yanalia.

Nikamwendea Bi Shukri nikamuomba tufunge lango.

"Kiti mwanangu, mwezi wa Ramadhani wanitaka ninyime watu maji? Na uji uliokunywa hapa jana ulipikiwa nini?"

Uji wenyewe nilikunywa bakuli mbili.

Muhdhar akaja kwa Idi. Akasimama barazani akatazama.

"Kiti, majani yangu yako wapi?"

"Yamenywewa, bwana."

Hakucheka. Akasema yeye hawezi kumkataza mama yake kutoa maji, lakini hawezi pia kutazama jangwa. Akanipa wiki niyafufue, la sivyo uwanja utatiwa saruji. Saruji haitaki maji, wala haimtaki Kiti.

Basi Ijumaa nikangoja Bi Shukri alale mchana, nikasimama langoni na mti wa fagio. Mjomba, ungeniona. Nilirudisha wanawake wanane, wakaniita kila jina, mmoja akaniuliza kama chumvi ya kisima imenipanda kichwani. Nikatulia kama askari wa bandarini.

Mara ukaja mkokoteni kutoka Majengo, umejaa mitungi, na nyuma yake mama. Mama yangu Dama, dada yako, kanga kiunoni. Habari za maji zilikuwa zimefika hadi kwetu. Hata hakuutazama ule mti. Akawageukia wenzake akasema, "Mwangoja nini? Huyu ni mwanangu. Maji haya yote mwenyewe ni yeye."

Ningefanyaje? Nilifungua lango. Nikamshikia mtungi mpaka ukajaa.

Tangu hapo huja kila siku, na majirani zake. Hajui kwamba mtungi wake ndio unaonitoa kazini. Nikimwambia hatakanyaga tena, na wadogo zangu kule watakunywa nini? Nisipomwambia, mshahara unaowalisha umekwisha. Nimefikiri mpaka nimechoka, na wajua mimi si mtu wa kuchoka kufikiri, kwa kuwa sifikiri mara nyingi.

Jana lori limemwaga mchanga na saruji juu ya majani. Mama aliukuta, akaweka mitungi yake kando usiichafue. Akaniuliza wanajenga nini. Nikamwambia sijui.

Ukimwandikia, nawe usijue.

Nisalimie mkaza mjomba Emmah na binti yenu Joy, mwambie asijaribu kuniandikia kwa Kiingereza. Mola akupe afya na akuzidishie pale palipopungua.

Wako akupendaye, hata ukimcheka,
Kiti