Maulidi Bila Samaki

Kilwa Masoko

Mama yangu, shikamoo. Mwanao ni mzima, ila nakuandikia nikingali na mshangao.

Jana nilialikwa maulidi katika kijiji cha ujamaa hapa jirani. Wali wa nazi ulikuwa umeiva, wageni tumeshakaa mikekani, ndipo mvuvi Saidi akaleta kapu la samaki wanono aina ya changu. Mama yake, Bi Somoe, ndiye aliyekuwa mpishi mkuu. Akampasua mmoja, akakuta mifupa imesagika.

"Hawa umewapiga baruti," akasema. "Msikitini tuliahidiana tusiwale. Baruti inamaliza mpaka vitoto vyao. Jikoni kwangu hawaingii."

"Sasa mama, wageni watakula nini?"

"Watakula kunde."

Tukala wali kwa kunde, umati wote ule, wala hakuna aliyenung'unika. Nilidhani Saidi angeondoka kwa aibu, lakini imamu alimwita wale sinia moja. Baada ya dua Saidi akasimama, akauliza nani angemwazima wavu. Wanaume kadhaa walinyanyuka kwa pamoja kwenda kumletea.

Mama, wabusu wadogo zangu, na Mungu akutunze mpaka tuonane.

Mwanao, Zuhura