Buti za Kamba Mlangoni kwa Mama Zaina

Jumanne, Masuguru

Na buti zenyewe hazikuingiza maji, lazima nikiri. Nilizichagua kwa woga: ngozi nene, soli ya meno, kamba mpaka juu ya kifundo, maana utelezi wa Kwashemshi, kijiji nilichotumwa leo, nilikuwa naujua kwa kusikia tu.

Nilipomaliza kuandikisha wakulima, mvua ilizidi. Mama Zaina, wa nyumba ya mwisho, akaniita. "Karibu ndani, mwanangu, unywe chai." Tangu nihamishiwe huku, hakuna aliyewahi kunikaribisha kwake.

Nikainama mlangoni kuvua. Kamba zimelowa, fundo limekaza. Ndani watu wamekaa mkekani, wananisubiri.

"Karani, unavua buti au unachuna mbuzi?" mumewe akauliza. Wakacheka, bila ubaya wowote.

Nikasema nina haraka, nikaondoka. Sikuwa na haraka yoyote. Nimerudi chumbani, nimekunywa chai peke yangu, na bado naufikiria ule mkeka.

Kesho nitanunua gambuti, zile buti za mpira zisizo na kamba, tena zinizidi kidogo. Nikiteleza, niteleze. Nataka kiatu kinachovulika mara moja, ili nikikaribishwa tena niwe nimeshaingia kabla woga haujanijibia.