Benchi la Sentimita Hamsini

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Mawingu, ubaridi kidogo. Waliopimwa: watano. Wote wasukuma mikokoteni wa sokoni Kariakoo. Kila mmoja amepanda na kushuka benchi dakika tano, akifuata mdundo wa kimashine kinachogonga. Kisha amekaa, nikamshika mkono na kuhesabu mapigo ya moyo baada ya dakika moja. Moyo unaotulia upesi ndio moyo mzuri. Hiyo ndiyo kazi yangu, na naifanya vizuri.

Uani hapa, nyuma ya duka la vitenge la kaka yake Daktari, sakafu ina mabonde. Benchi linacheza. Bakari, yule mrefu wa vitunguu, alisema ni kama kupanda mgongo wa punda mgonjwa. Wenzake wakacheka mpaka ikabidi ningoje. Mapigo yake si mabaya, si ya kushangaza.

Daktari Nirmala anahesabu siku. Majina sita ya wenye mioyo bora yanatakiwa tarehe 17. Basi la Arusha linaondoka tarehe 18. Wiki sita za mazoezi kambini, mlimani, na wakimbiaji wa kweli. Hakuna msukuma mkokoteni aliyewahi kupewa nafasi hiyo.

Alhamisi, 4 Agosti

Fundi Mwinyi, seremala, amekuja kutoka mtaa wa Gerezani kusawazisha benchi. Nimemwita mwenyewe. Daktari alikuwa idarani, kwa mwajiri wetu. Alichonga miguu mitatu ilingane na ule mfupi. Likacheza upande wa pili. Akachonga tena. Likacheza. Akachonga tena. Saa nne kamili likatulia. Nimelikalia, nimelisimamia, kimya. Nimefurahi kupita kiasi kwa jambo dogo kama hilo.

Waliopimwa baada ya hapo: wanne. Hakuna aliyelalamika.

Ijumaa, 5 Agosti

Idarani wamebandika tangazo. Wafanyakazi watapunguzwa. Majina yatafuata. Watu walisimama mbele ya karatasi ile kama wanasoma habari ya msiba.

Mimi nina kidato cha nne na miaka kumi na sita ya kushika mikono ya watu na kuhesabu. Wenye shahada wanaogopa, sembuse mimi. Mke wangu nimemwambia tu kwamba kuna mabadiliko.

Waliopimwa: watatu.

Jumanne, 9 Agosti

Waliopimwa: watatu. Matokeo mazuri mno. Joachim, kijana wa Kibosho anayesukuma mchele, moyo wake ulitulia haraka hata nikadhani nimekosea. Nikahesabu tena. Vilevile.

Daktari alipoona daftari alicheka kwa sauti. Sijamsikia akicheka hivyo tangu arudi masomoni. Amesomea jinsi mwili unavyofanya kazi ukichoka. Angeweza kukaa hospitali akapima wagonjwa wenye nafasi. Kaka zake wanamtaka afungue jimu Upanga, yenye vioo na feni, matajiri wakimbie bila kwenda popote. Yeye anasema mioyo bora ya mji huu iko chini ya magunia na hakuna anayeipima. Mchana anafanya utafiti, jioni anawafundisha wakimbiaji uwanjani, anapiga filimbi mpaka sauti inakauka.

Kaka mkubwa amepita tena kuangalia ua. Makontena ya Dubai yanakuja, anataka mahali pa kuweka mali. Amempa Daktari mpaka mwisho wa mwezi kuhama. "Hawa watu wako wanapanda, wanashuka, halafu wako palepale," alimwambia mbele yangu. Daktari akaniambia niite anayefuata.

Ijumaa, 12 Agosti

Orodha ya awali imetoka, tumeibandika ukutani. Majina sita. Joachim wa kwanza. Bakari hayumo.

Nikiwa naandika niliona kwamba wote sita walipimwa wiki hii au mwisho wa wiki iliyopita. Kati ya wale wa mwanzo hayumo hata mmoja. Niliona, nikaendelea kuandika. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba niliona.

Saa tisa Bakari alikuja na wenzake kuuliza habari zake. Anasukuma mkokoteni tangu enzi za uhaba tulipokuwa tukipanga foleni ya sukari, na hajawahi kuomba kitu. Nilimwambia hayumo. Akaleta utani wake.

"Daktari mdogo, mambo?"

"Poa."

"Si poa." Akapanda benchi, akashuka, akapanda tena. "Hili mmelinyima chakula? Limesinyaa."

Nikamwambia benchi ni lilelile.

"Sentimita zako mimi sizijui. Ila kila siku napandisha magunia kwenye bodi la lori. Goti langu linajua. Sisi mlitupandisha lori, hawa mmewapandisha kizingiti cha mlango."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Kicheko changu kilikuwa kibaya.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimekwenda uani peke yangu, asubuhi. Nimeligeuza benchi. Chini ya ubao kuna maandishi ya Daktari ya penseli, ya siku lilipoletwa: 50. Alilipima mwenyewe.

Nimetoa futikamba. Arobaini na nne.

Nimepima upande wa pili. Arobaini na nne. Nimekwenda kunywa maji, nimerudi, nimepima tena.

Sentimita sita. Nilimwambia fundi lisicheze. Sikumwambia lisipungue. Mimi, ninayepima kila kitu, sikupima.

Jumapili, 14 Agosti

Magomeni, nyumbani. Sikula vizuri. Nimefanya hesabu nyuma ya kalenda. Kila aliyepimwa baada ya benchi kuchongwa amepanda kidogo kuliko aliyepimwa kabla. Moyo wake haukuchoka sawa na wao. Namba yake imependeza. Watu kumi. Sita kati yao ndio orodha.

Njia ya kwanza: kumwambia Daktari. Atajua ni mimi. Jina langu litapelekwa juu wiki hiihii wanayotafuta majina ya kupunguza.

Njia ya pili: Fundi Mwinyi abandike vipande vya sentimita sita-sita chini ya miguu, Jumatatu alfajiri, rangi juu yake. Benchi linakuwa hamsini tena. Hakuna atakayejua. Joachim anakwenda Arusha, Daktari anapeleka matokeo yake, mimi nabaki na kazi.

Njia ya pili ni nyepesi mno. Nimeifikiria tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nimejiona nikimshikia fundi kopo la rangi.

Mke wangu ameuliza kama naumwa. Nimesema ndiyo.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimekwenda Gerezani. Fundi Mwinyi alikuwa anapiga randa mlango. Nilipomwambia, hakusimamisha mkono. "Bwana Selemani, si ulisema lisicheze? Limecheza?" Nikasema halijacheza. "Basi." Alisema vipande atabandika, saa moja tu inatosha, niseme neno. Nikasema nitarudi.

Sikurudi. Wala sikumwambia Daktari. Siku nzima nimepita kati ya hayo mawili kama mtu asiyejua nyumba ya mwenyeji wake.

Mchana Joachim alikuja kuaga. Mkokoteni wake amemkabidhi binamu yake. Amenunua raba za mitumba, nyekundu, moja imefumuka kidogo kisigino. Alizivaa mbele yangu. Alisema amemwandikia mama yake barua kwamba atapita Moshi kumwona, akiwa njiani kwenda kuwa mtu. Maneno yake hayo. Alinishika mikono yote miwili kunishukuru. Kwa kuhesabu.

Ningependa angenitukana.

Daktari anaandika ripoti. Kesho anaimaliza, keshokutwa inakwenda pamoja na majina. Kazi ya miezi, jina lake juu. Kuna watu idarani wanaongoja tu akosee, waseme mioyo ya wasukuma mikokoteni haikuwa utafiti.

Jumanne, 16 Agosti

Nimesema.

Saa mbili asubuhi, kabla hajavua mkoba begani. Nilikuwa nimelilaza benchi ubavu na futikamba juu yake. Nilisema, "Daktari, benchi ni arobaini na nne. Nililichongesha mimi." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi zaidi.

Alichuchumaa akapima mwenyewe. Miguu yote minne. Akasoma penseli yake ya 50. Akakaa sakafuni, na nguo yake safi, hakujali. Sijawahi kumwona akikaa chini.

Kisha akauliza kitu kimoja. "Siku gani?"

Nikasema Alhamisi, tarehe 4, saa nne kamili asubuhi.

"Una hakika gani?"

Nikasema nimeandika. Akasema nilete.

Daftari hili. Halijawahi kusomwa na mtu. Ndani yake nimemwandika yeye, hasira zake, kaka zake, hofu zangu zote. Nilimpa nikiwa nimefunika ukurasa kwa karatasi, nimeacha wazi mistari ya tarehe 4 tu. Aliisoma bila kusogeza karatasi. Alisoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Alichonga. Akachonga tena. Saa nne kamili.

Akanirudishia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kwa hiyo waliopimwa kabla ya hapo ni halali. Tatizo ni kumi." Akaondoa orodha ya awali ukutani, akaikunja, akaitia mkobani.

"Ungekaa kimya ningesimama mbele ya watu na kitu cha uongo," alisema. Nilidhani ananisamehe. Hakuwa amemaliza. "Na ungepima kabla ya kuchonga, nisingekuwa nimekaa chini hapa."

Vyote viwili ni kweli.

Fundi Mwinyi ametengeneza miguu mipya leoleo, ya mbao za mninga, Daktari amesimama pembeni na futikamba. Bonde la sakafu amelijaza saruji. Hakuna aliyefikiria hilo tarehe 4. Sakafu ndiyo ilikuwa mbovu, tukachonga benchi.

Jumatano, 17 Agosti

Kumi wamepimwa upya, asubuhi mpaka saa nane. Nimewatafuta mmoja mmoja tangu alfajiri, Msimbazi, Gerezani, mpaka Ilala. Wengine walinung'unika. Mmoja alikataa mpaka Daktari alipomfuata mwenyewe mtaani na kumwamkia shikamoo babake aliyekuwa naye. Akaja.

Miguu ya benchi imesimama imara. Kila mmoja nimemhesabu mara mbili, Daktari akihesabu mkono wa pili. Namba zetu zimelingana mara zote kumi.

Watatu kati ya sita wamebaki. Watatu wametoka, na nafasi zao zimekwenda kwa watu wa mwanzo. Bakari ni wa nne.

Joachim ni wa tisa; kimo kamili kimemchosha kuliko wenzake.

Daktari alitaka kumwambia yeye. Nikasema hapana, ni mimi. Nimemkuta Mtaa wa Sikukuu, amekaa juu ya mkokoteni wa binamu yake, amevaa raba. Nimemweleza yote: fundi, miguu, sentimita sita, mimi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Sasa barua kwa mama?" Akainama akaanza kufungua kamba za viatu, polepole, palepale njiani, watu wakipita. Nimesimama mpaka alipomaliza zote mbili. Sikuona kama nina haki ya kuondoka mapema.

Alhamisi, 18 Agosti

Basi limeondoka. Bakari kabeba furushi moja. Dirishani alinipigia kelele: "Daktari mdogo! Benchi ulilishe!" Nimecheka, safari hii vizuri.

Ripoti ya Daktari imekwenda. Amenionyesha ukurasa wa tatu. Ameandika kosa lote, tarehe na saa. Jina langu hakuliweka. Ameandika "msaidizi". Wanaosoma idarani watajua msaidizi ni nani. Yuko mmoja.

Majina ya kupunguzwa bado.

Jumatatu, 22 Agosti

Benchi: sentimita hamsini. Miguu yote minne. Daktari amenipa futikamba yake, amesema niandike hivyo kila asubuhi kabla ya mtu wa kwanza, hata kama tumebakiwa na siku tisa uani hapa.

Waliopimwa: wawili tu. Sokoni kuna mzigo mwingi.

Saa tano Joachim alikuja. Aliegesha mkokoteni wa mchele nje ya mlango. Peku. Hakunisalimu, nami sikumlaumu. Alilisogelea benchi. Akaushika mguu mmoja, akautikisa. Halikucheza.

"Mwakani mtapimia hilihili?"

Nikasema kama tutakuwepo, hilihili.

Akakaa juu yake, akaninyooshea mkono. Sikuwa nimemwita. Nikatoa saa.

Mapigo akiwa amepumzika: hamsini na nane, moyo mzuri. Nimehesabu mara mbili.