Mafundi wa Gari la Baba

Jumamosi, baada ya mazishi

Kumbe baba hakuunda lile gari lake la mbio peke yake. Leo hapa Kisian, kila aliyeshika maikrofoni kumsifu marehemu aliliunda naye. Mheshimiwa alichomelea bodi. Mchungaji alifunga injini. Hata mjomba wa Migosi, aliyekuwa akiliita jiko lenye magurudumu, eti ndiye aliyenyoosha chesisi.

Saa ya gari kutangulia jeneza ikafika, likakataa kuwaka. Mafundi wote wakalizunguka, mikono mfukoni.

"Mheshimiwa, si uliwashe," mama akamwambia. Mheshimiwa akapokea simu ambayo haikuwa imelia.

Tukalisukuma mimi na mama, kama zamani kila siku ya mashindano. Sasa sijui nani atalitengeneza. Mafundi wake wote wamekula wakaenda.