Shuka Lenye Matundu Sita

Nzuguni, Dodoma
Jumapili

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Trrr, tak. Trrr, tak. Sauti hiyo unaijua kuliko mtu yeyote. Ni feni ya kompyuta ya Hamisi, iliyokuwa ikivuma nyuma ya ukuta wako mpaka unaugonga kwa kiatu: "We Hamisi, zima hiyo mashine yako ya kusaga!" Naye anakujibu, "Ndio kwanza nakoboa Mama, bado kusaga!" Unaguna, kisha unacheka ukidhani hakusikii.

Mguu unaendeleaje? Bibi anakula vizuri? Mvua imefika huko, au nanyi mnatazama mawingu tu kama sisi? Mimi ni mzima wa mwili, na kazi inaendelea. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukisema "mwanangu" mara moja tu, sitaweza kumaliza. Vaa miwani yako, usome peke yako kwanza. Lile boksi alilolipokea Baba mdogo stendi jana, nililosema lisifunguliwe, libaki hivyo hivyo mpaka ufike mwisho wa barua hii.

Unakumbuka baada ya arobaini, mlipogawa vitu vya mdogo wangu Hamisi. Baba mdogo alipata mashati, mimi kompyuta. Ulisema, "Wewe ndiye msomi, itumie. Kitu cha marehemu kisioze kwenye kona." Nilikubali haraka, hata nikaona aibu. Nilikuwa na mpango wangu tayari.

Nilitaka kukigeuza chumba changu kuwa sinema ndogo. Nilishauchora kwenye daftari: projekta juu ya kabati, kompyuta chini yake ya kuchezesha filamu, spika mbili nilizozing'oa kwenye kompyuta mbovu za ofisini, nyaya zipite pembeni ya kitanda. Kilichobaki kilikuwa kitambaa cheupe cha ukutani.

Kompyuta ulikuwa umeifunga kwa lile shuka jeupe la sandukuni, lile ulilomgombezea Hamisi siku nzima kwa kulitoboa. Nililitandika kitandani nione kama litanifaa. Mama, matundu ni sita, yote kwenye ukingo mmoja. Nilipima kwa rula, yameachana sawasawa. Kila moja limezungushiwa uzi kwa mkono ili lisichanike. Mtu anayeharibu hashoni hivyo. Ni matundu ya kupitishia kamba.

Nikaiwasha kompyuta. Trrr, tak. Niligeuka kutazama mlango.

Tangu siku hiyo naisikia hata ikiwa imezimwa. Nasonga ugali, naisikia. Niko kwenye kikao ofisini, watu wanajadili ripoti, naisikia nyuma ya kiti changu.

Ndani yake nilikuta folda ameiandika "Sinema ya Mama". Ni video za simu yake. Wewe unachambua mchele. Wewe unagombana na kuku aliyeingia jikoni. Bibi amesinzia, tasbihi mkononi. Hamisi haonekani popote. Anaongea tu nyuma ya simu, kwa ile sauti yake ya chini, na mvumo wa feni ya kompyuta unammeza. Wewe nakusikia, yeye hapana.

Sasa nikuambie nililolificha. Ofisi ilipouza vifaa chakavu kwa wafanyakazi, Hamisi alinipigia: "Dada, kukiwa na projekta nishikie, nina kazi nayo." Ilikuwepo, na niliinunua. Nilipoijaribu usiku huo ukuta wangu ukajaa mwanga, nikaitamani. Alipopiga tena nikamwambia imechukuliwa na mtu mwingine. Ilikuwa mbele yangu, Mama, imewaka. Akacheka: "Haya, siku nyingine. Shuka ninalo tayari." Sikumuuliza shuka la nini. Haukupita muda ikaja ile homa yake ya siku tatu.

Wiki iliyopita nilimwita Yohana, fundi wetu wa ofisini, aje kuitazama kompyuta. Hakumaliza hata kuvua viatu.

"Dada Zuhura, hapa unaangalia sinema au unasaga dona?"

Nikamwonyesha ilipo. Akafungua ubavu wa kompyuta, akapuliza vumbi, akanionyesha panga moja la feni lililovunjika ncha. "Feni imechoka. Nakubadilishia sasa hivi, dakika kumi."

"Usiiguse."

"Hee! Ina wenyewe?"

"Ndiyo. Ina mwenyewe."

Akanitazama, akapunguza sauti. "Pole, dada. Lakini ukiiacha hivi itasimama, na kompyuta itaungua na kila kilichomo. Vilivyomo nikutunzie kwenye flashi. Feni, utaamua mwenyewe." Akaacha feni mpya mezani, akaenda zake.

Siku nne nilikaa nikiitazama ile feni mpya. Nilifikiri juu yako pia. Uliwahi kuniambia kimya cha chumba chake ndicho kinachokuumiza, na kwamba ungetoa chochote usikie tena ule mvumo. Sasa mvumo huo ulikuwa mikononi mwangu. Lakini ndio huo unaomziba Hamisi asisikike.

Wasalimie wote. Bibi mwambie mjukuu wake anamwamkia, na asiache dawa za macho. Shangazi mwambie karanga zilifika, nazitafuna ofisini kwa kujificha. Baba mdogo mpe shikamoo yangu na umwombe akupigilie misumari sita nyuma ya jiko, kwenye ukuta ule usio na dirisha. Hamisi aliuchora ukuta huo kwenye karatasi, nimeikuta ndani ya boksi lililoileta kompyuta yake kwangu.

Alhamisi nilifungua skrubu mwenyewe, nikaweka feni mpya. Ya zamani iko dirishani kwangu. Upepo wa huku ukipita inazunguka, haitoi sauti. Kisha nikaichezesha ile video ya mchele, na kwa mara ya kwanza nikamsikia. Unamuuliza, "Unanipiga mapicha ya nini na uzee huu?" Anasema, "Subiri Dada alete projekta. Utajiona ukutani, mkubwa kumshinda Baba mdogo." Tarehe ya video hiyo ni baada ya simu yangu ya uongo. Sijui kama alikuwa ameshajua. Sitajua.

Ningeweza kukikata kipande hicho, usingekisikia maisha yako yote. Sikukikata. Kila kitu kimo kwenye boksi: kompyuta, spika, shuka, na projekta ile ile. Sasa lifungue.

Ni mimi binti yako,
Zuhura