Nilisema ni Chai

Mjukuu wangu Achieng,

Huku Usenge tuko wazima. Dagaa wetu wa omena wameanikwa na mama yako anakusalimu. Umeniuliza kama ni lazima umwambie daktari kwamba unavuta bangi, kabla hajakupa dawa za usingizi.

Nikiwa msichana, rafiki yangu Akinyi alikuwa akimeza vidonge vya kifafa. Kwenye matanga tulikunywa chang'aa, ile pombe kali, kwa vikombe vya chai, watu wa kanisa wasijue. Akinyi akalala, tukashindwa kumwamsha, tukamkimbiza zahanati.

"Amekunywa nini?" muuguzi akaniuliza.

Nikaona haya. "Chai tu, sista."

Basi akamtibu mtu aliyekunywa chai. Akinyi tulimzika Jumamosi.

Mwambie daktari yote, mama. Aibu yangu ingeisha kwa wiki moja.

Nyanya yako