Karatasi Haizeeki

Jumatatu, 7 Juni 1993

Ukungu tena. Mkaa wa pasi umechelewa kushika. Nimeshona bitana ya koti la karani wa hospitali ya Makandana kwa mkono mpaka adhuhuri. Mwanaidi, binti yangu, kwenye cherehani, kimya. Amekuwa kimya mno siku hizi. Sipendi.

Ng'ambo ya barabara Atupele kafungua duka. Karudi kutoka Dar na majarida na kioo kirefu. Hatumii karatasi. Anamzungushia mteja kitambaa, anabana kwa pini, anakata hapo hapo. Juzi kashona gauni la mkono mmoja. Watu wanaita fasheni. Mimi naita nguo ambayo haijaisha.

Jumatano, 9 Juni

Baba alifundishwa kukata na fundi Mwingereza, enzi za mabwana shauri wa kikoloni. Mimi nikafundishwa na baba. Kila mteja ana karatasi yake sandukuni, imekatwa kwa vipimo vyake. Mtu hufa, karatasi inabaki. Koti langu la Idi ya juzi Mwanaidi kalikata kwa karatasi ya mwaka niliooa, na limenikaa kama siku ile. Karatasi haizeeki.

Leo nimekuta sanduku limefunguliwa. Kamba imefungwa upya, fundo si langu. Karatasi ya Mwalimu Mwaipaja, mteja wangu wa zamani, iko juu. Mimi huiweka chini. Kingo zake zina weusi wa kalamu ya risasi, kama mtu ameilaza juu ya karatasi nyingine akaifuatisha.

Nimemwona Mwanaidi mara mbili akitoka kwa Atupele. Anasema alifuata uzi. Uzi gani ambao mimi sina?

Ijumaa, 11 Juni

Nimesali, moyo haukutulia. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa fundi, methali hiyo inauma mara mbili.

Nimetega. Karatasi ya Mwalimu nimeipunguza upana wa kidole kila bega. Anayempelekea Atupele karatasi zangu atampelekea hiyo. Atupele atamshonea Mwalimu koti la kumbana na mji mzima utacheka. Mwanaidi sijamwambia kitu.

Najisikia vizuri. Mara ya kwanza wiki hii.

Jumanne, 15 Juni

Mwalimu kaja mwenyewe. Jumamosi anamwoza binti yake wa mwisho. Kaleta kitambaa cha sufu cha Kiingereza, zawadi ya mkuu wake wa shule alipoanza kazi. Miaka yote hiyo amekitunza kwa majani ya tumbaku, akisubiri harusi hii. Kinatoka koti moja tu. Hakibaki hata cha kola.

Hakwenda ng'ambo. Nimeona fahari. Nimemwambia aje keshokutwa kujaribu. Vipimo vyake ninavyo.

Jioni habari ya msiba, shemeji yangu wa Kiwira. Naondoka alfajiri. Siku zimebana, nimemwambia Mwanaidi akate.

Jumatano, 16 Juni. Kiwira

Tuko makaburini nikaikumbuka karatasi ya Mwalimu niliyoipunguza. Nimemwachia mwingine koleo. Nimetafuta gari la kurudi. Hakuna mpaka asubuhi. Watu wamenipa pole kwa msiba. Nimeitikia.

Alhamisi, 17 Juni

Nimechelewa. Koti lilikuwa tayari limepigwa nyuzi nyeupe za kujaribia, na Mwalimu yumo ndani yake. Mabega hayafiki. Akijaribu kunyoosha mkono, mgongo unavuta. Alilivua taratibu, kama anamvua mgonjwa.

Mwanaidi alikuwa analia. "Baba, hii karatasi niliikata mwenyewe. Bega halikuwa hivi."

Kumbe. Wateja wangu wamezeeka, wamesinyaa, nami sipimi mtu mara ya pili. Miaka mitatu sasa Mwanaidi ndiye anayewapima wakija kujaribu, anachora karatasi mpya, za zamani anachoma. Siku hizi anachorea kwa Atupele kwa sababu kule kuna meza pana. Na kwa sababu mimi ningefoka.

Nimewaambia nilichofanya. Ilibidi.

Mwalimu akasema, "Fundi, ulikuwa unamtega mtoto wako kwa kitambaa changu?"

Sijawahi kuona aibu ya namna hii. Mwanaidi alichukua koti, akavuka barabara. Sikumzuia.

Jumamosi, 19 Juni

Harusi. Nilisimama nje ya kanisa na wengine. Atupele ameyafumua mabega, ameingiza kipande cheusi kila upande, kutoka shingoni hadi mkono unapoanzia. Mishono ni ya Mwanaidi, kwa mkono. Ni mishono ya baba yangu.

Mwalimu alipita na binti yake. Alimpungia kila mtu, mkono juu kabisa. Hata mimi alinipungia. Watu walidhani koti lilikusudiwa hivyo.

Nimelitafutia kasoro. Sikuipata, nikakasirika.

Jumatatu, 21 Juni

Manyunyu. Mwanaidi kaja kazini kama kawaida. Shikamoo, kisha cherehani. Nilitaka kumwomba msamaha, nikamwomba sindano. Kanipa.

Alipokwenda kununua ndizi nimefungua sanduku. Nimeitafuta karatasi yangu, ile ya mwaka niliooa. Iko chini kabisa. Safi, haina hata mkunjo. Jina langu limeandikwa kwa mwandiko wa Mwanaidi.

Nimevaa koti la Idi, nikailaza karatasi begani mbele ya kioo. Imelingana na mshono. Koti la harusi yangu, la mwaka ule wenyewe, bado limetundikwa ukutani. Nimelijaribu nalo. Mabega yananing'inia.

Nimeirudisha karatasi mahali pake. Sanduku sikulifunga kamba.